Cheo Walichokikimbia Wafumaji wa Lukwangule

Kwenye kiwanda chetu cha nguo cha Lukwangule, kule Kihonda mjini Morogoro, palikuwa na cheo ambacho watu walikikimbia kama moshi wa pilipili. Kilikuwa cheo cha usimamizi wa zamu. Bwana Benedikto, meneja wetu wa uzalishaji, akitokea mlangoni mwa ukumbi wa kufuma huku anatabasamu kupita kawaida yake, tulijua anatafuta msimamizi, na hapo kila mtu alikumbuka kazi ya haraka upande mwingine wa ukumbi. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mwingine alikumbwa na kikohozi ambacho hatukuwahi kukisikia kabla wala baada.

Sababu ilikuwa hii. Mfumaji wa kawaida alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Chama kilikuwa na mkataba wa hali bora na kampuni, na humo ndani mlikuwa na ovataimu, posho ya zamu, posho ya joto na kelele, na basi la kuwarudisha watu majumbani. Ukipewa usimamizi, ulihamishiwa upande wa ofisini, ambako kila mtu ana mkataba wake na siri yake, na chama ulikiacha. Mshahara wenyewe ulipanda kidogo. Lakini yale mengine uliyavua kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa msikiti, ila haya hukuyakuta tena wakati wa kutoka. Mwisho wa mwezi msimamizi alikuwa anakwenda nyumbani na pungufu kuliko watu anaowasimamia. Nani akitake cheo cha namna hiyo?

Siku ambayo Mwaisha Pazi alinaswa, Bwana Benedikto aliingia kwa mlango wa nyuma. Zuleha, shoga yake Mwaisha wa siku nyingi, alichelewa kumwona. Akaruka nyuma ya rundo la majora ya vitenge, akajipenyeza, akavuta kipande cha kitambaa kujifunika, na mguu wake mmoja ukabaki nje wote, na ndara ya kijani. Bwana Benedikto akapita pale, akauruka ule mguu bila kuuangalia, kama mtu anayeruka dimbwi. Mwaisha akaona. Kicheko kikampata vibaya sana, akashika mashine, akashika ukuta, mwishowe akakaa chini sakafuni. Wenzake wote walishakimbia. Meneja alipogeuka, mtu aliyebaki mbele yake alikuwa ni yeye tu, machozi yanamtoka, hawezi kusimama.

Ndivyo alivyokuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi.

Ningependa mumjue vizuri zaidi kabla sijaendelea. Mwaisha ni mtu wa milimani, wa Kinole, ambako mama yake bado analima migomba na pilipili manga. Aliteremka mjini akiwa msichana, akakaa kwa mama yake mdogo Mwembesongo, akaajiriwa kiwandani kufagia mabaki ya uzi, kisha akafundishwa kufuma. Akaolewa na Hatibu, fundi cherehani mpole ambaye mashine yake iko barazani hapohapo Mwembesongo. Watu wa mtaa walizoea kusema kwamba mke anafuma, mume anashona, kilichobaki ni watoto kuvaa.

Ukumbi wa kufuma una kelele isiyosemeka. Ukipaza sauti hadi koo likauke, jirani yako ataona mdomo tu. Kwa hiyo sisi wafumaji tunaongea kwa mikono. Kidole kikizungushwa hewani, uzi umekatika. Ukigusa sikio, meneja anakuja. Kidole shavuni, nina umbea, tuonane wakati wa chai. Mwaisha alikuwa bingwa wa lugha hiyo. Mgeni akiajiriwa, yeye ndiye aliyemfundisha ishara kabla hajafundishwa mashine, na aliweza kusimulia harusi nzima kwa vidole, bibi harusi, mashemeji, na mpishi aliyeunguza wali, mpaka watu wanaacha uzi ukatike.

Na ukweli, ingawa alinaswa kwa kicheko, cheo chenyewe hakukichukia. Alipenda kupanga watu. Alipenda kumtoa mgeni kwenye hofu hadi akawa fundi. Alimwambia Hatibu jioni ile kwamba labda mambo yatakuwa mazuri, na Hatibu akaenda kununua nyama na soda, akawaita majirani.

Mshahara wa kwanza wa usimamizi ulipoingia, ujumbe ulikuja kwenye simu. Mwaisha akausoma, akampa mumewe. Hatibu akavaa miwani ya kushonea, akausoma, akaugeuza na simu yenyewe upande, akausoma tena.

"Mke wangu," akasema, "nadhani wamekukata kodi ya furaha."

Walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Baadaye, kicheko kilipokwisha, Mwaisha alihesabu kwa vidole posho alizoziacha, na Hatibu akarudi kwenye cherehani yake.

Huko ofisini nako palikuwa na vituko. Msimamizi alitakiwa kula kwenye kantini ya maofisa, yenye mapazia na vitambaa vya meza, na wali unaopimwa kwa kikombe. Siku ya kwanza Mwaisha aliomba chumvi. Aliomba kwa sauti ya ukumbi wa kufuma, kwa sababu hakuwa na nyingine, na karani wa mishahara aliyekaa mbele yake akajimwagia juisi ya ukwaju kifuani. Maofisa wakaacha vijiko hewani. Mwaisha akajitahidi asicheke, akashindwa. Tangu siku hiyo walimpitishia chumvi mapema kabla hajafungua mdomo.

Lakini jambo lililomuuma kweli halikuwa wali wala mshahara. Asubuhi moja alikuwa anakatiza kati ya mashine, akaona wenzake wanaongea kwa mikono kwa mbali, Zuleha akiwa katikati. Alipokaribia, wote wakaingiza mikono mifukoni. Huko kwetu hiyo ni sawa na kufunga mlango. Mwaisha akapita kama vile hakuona. Alipofika chumba cha kuhifadhia nyuzi akajifungia, akalia kidogo, akapangusa uso kwa kitambaa cha jora, akatoka.

Hayo yangeendelea hivyo hivyo kama kampuni isingebanwa. Zamu nyingine zilikuwa hazina msimamizi kabisa, maana kila aliyepewa alikataa. Mashine zikisimama, zilisimama hadi asubuhi. Oda kubwa ya vitenge ikachelewa, wenye kampuni wakaja juu, na uongozi ukatangaza kwamba kazi zote za Lukwangule, za wanachama na za wasio wanachama, zitapimwa upya na kuwekwa kwenye ngazi moja. Ili kuisimamia kazi hiyo akaletwa ofisa mpya wa rasilimali watu, binti anayeitwa Juliana, aliyesoma hapa hapa Morogoro, mrefu, mwenye haya na mwenye subira kubwa.

Uvumi ukaruka kama pamba. Ukumbini tuliambiana kwamba huu ni mtego wa kuua chama. Ofisini wakaambiana kwamba karibuni kila mtu ataingia kwa kengele na kuvaa buti za mpira, mhasibu mkuu akiwemo. Mhasibu mkuu mwenyewe, inasemekana, alijaribu buti nyumbani kwake.

Ikaundwa kamati, nusu watu wa chama, nusu watu wa ofisini. Kiongozi wa upande wa chama alikuwa mzee Severini, fundi mitambo, mwenyekiti wa tawi letu, mtu ambaye haamini hata saa ya ukutani mpaka ailinganishe na yake. Juliana alitaka Mwaisha awemo, kwa kuwa ameishi pande zote mbili. Hapo pakazuka mzozo kabla ya kikao kuanza. Severini alisema Mwaisha alishasaini upande wa pili, hawezi kuhesabiwa kuwa wa chama. Watu wa ofisini wakasema huyu ni mfumaji, kila mtu anamsikia, hawezi kuhesabiwa kuwa wa kwao. Mwaisha alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ameshika kiti mkononi.

"Basi nikae wapi," akauliza, "nje na mlinzi?"

Juliana akainuka, akamwamkia shikamoo mbele ya wote, akakichukua kile kiti na kukiweka kwenye kichwa cha meza, pasipo na upande. Mwaisha akaketi hapo.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyofikiri. Juliana aliwaeleza kwamba wanapima kazi, hawampimi mtu. Kila kazi itaangaliwa inataka ujuzi gani, ina wajibu gani, inachosha kiasi gani, na inafanyiwa mahali pa namna gani. Maneno hayo yalikubalika na kila mtu kwa dakika chache. Walipofika kwenye karani wa mishahara na mfumaji mkuu, ugomvi ukawaka. Severini akauliza mtu anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka, chini ya feni, anachoshwa na nini. Karani akajibu kwamba mfumaji anabonyeza kitufe, mashine inafuma. Walipofika kwenye msimamizi wa zamu ndiyo ikawa vurugu kabisa, kwa sababu posho ya joto na kelele ilikuwa ya wanachama, na msimamizi si mwanachama, kana kwamba joto humuuliza mtu kadi kabla ya kumchoma. Kikao kikavunjika. Kingine kikavunjika. Mwaisha alirudi nyumbani akamwambia Hatibu kwamba wale ni watu wazima wazuri, kila mmoja peke yake.

Ni Juliana aliyegundua kwamba wenzake wa ofisini, isipokuwa Bwana Benedikto, hawajawahi kukaa ukumbi wa kufuma zaidi ya muda wa kupita. Akaamua kikao kinachofuata kifanyike humo humo, mashine zikiwa zinafanya kazi. Severini akacheka kwa mara ya kwanza tangu kamati ianze. Watu wakapewa vifunika masikio, wakaingia, wakasimama duara kati ya mashine, na Juliana akafungua kikao.

Yaani alifungua mdomo. Hakuna aliyesikia kitu. Karani wa mishahara akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama, na Severini, aliye umbali wa mkono, akamwonesha kwamba haoni hata sababu ya kujaribu. Wakageuka wote wakamtazama Mwaisha.

Mwaisha akaanza kutafsiri. Severini alizungumza kwa mikono, Mwaisha akamwandikia Juliana kwenye kiganja au akamsogelea sikioni. Juliana akajibu, Mwaisha akarusha vidole, na ukumbi mzima ukaelewa. Sisi kwenye mashine tuliona kikao kizima, kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda. Tulitoa maoni. Tulipiga kura kwa mikono miwili. Zuleha aliuliza swali kutoka mwisho wa ukumbi kuhusu posho ya joto, na swali likafika mezani, ingawa meza haikuwepo.

Kisha Bwana Benedikto, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya tai, akapangusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja na kukung'uta vidole chini.

Yeye hakujua. Lakini katika lugha yetu ishara hiyo maana yake ni moja tu: nimebanwa, nakimbilia chooni, nishikie mashine.

Ukumbi ukalipuka. Huwezi kusikia kicheko humo ndani, unakiona. Mabega yote yalikuwa yanacheza. Mfumaji mmoja mwenye huruma akamwonesha meneja mlango wa choo kwa heshima zote. Bwana Benedikto akadhani anaelekezwa mahali penye upepo, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, akapangusa tena, akakung'uta tena. Mwaisha alijaribu kumweleza na hakuweza, kila akikaribia sikio lake anavunjika kwa kicheko. Ni Severini, mzee wa saa, aliyeshika bega la meneja na kumwambia sikioni. Bwana Benedikto akasimama wima. Akatutazama sote. Halafu polepole, kwa makusudi kabisa, akaifanya ile ishara tena, na kweli akatoka kuelekea chooni.

Walipotoka nje uwanjani, masikio yakivuma, karani wa mishahara alikuwa amekaa juu ya ngazi ana kizunguzungu. Alisema hajui watu wanafanyaje kazi humo. Severini akakaa kando yake. Haki ilitaka naye aende upande wa pili, na akaenda: mwisho wa mwezi alikaa siku nzima nyuma ya dirisha la mishahara, watu wakimjia mmoja mmoja na malalamiko, wengine wanamtukana, wengine wanalia, na kompyuta inagoma katikati. Saa ya kutoka ilipofika alikuwa ameegemeza kichwa mezani. Alimwambia Mwaisha kwamba afadhali injini, maana injini ikigoma haikulaumu.

Baada ya hapo vikao vilikwenda. Sisemi vilikwenda kwa upendo, maana walibishana kuhusu madereva hadi mvua za vuli zikaisha, na walinzi walikata rufaa. Lakini ngazi ikapatikana, moja kwa wote. Posho ya joto na kelele ikafuata mahali, siyo kadi. Posho ya zamu ikamfuata kila anayefanya zamu. Msimamizi akawekwa juu ya mfumaji mkuu, juu kwelikweli, hata mwisho wa mwezi. Na mtu yeyote aliye chini ya mkuu wa idara akawa huru kujiunga na chama akitaka, bila kuulizwa anakula kantini gani. Kantini zenyewe zimebaki mbili hadi leo, kwa sababu jiko la wafumaji ni dogo, na huo ni mgogoro mwingine.

Sasa likaja jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kwa kuwa kazi ya msimamizi ilikuwa imebadilika, chama na kampuni walikubaliana itangazwe upya, kila anayejiona anafaa aombe. Watu waliokuwa wanakikimbia kile cheo wakapigana vikumbo kukiomba. Mwaisha naye akatakiwa kuomba kazi ambayo tayari alikuwa anaifanya.

Zuleha akamfuata nyumbani, akakaa kwenye kibao kando ya cherehani ya Hatibu, akawa anazungusha pete yake.

"Shoga yangu, na mimi nimeomba," akasema. "Na ile siku ya mikono mifukoni, ni mimi niliyewaanzia wenzangu. Nilidhani umeshakuwa wa kule."

Mwaisha alisema ilimuuma. Hakuficha, na Zuleha hakujitetea. Hatibu akasimamisha cherehani, akaenda kuchemsha chai bila kuambiwa. Walipomaliza kunywa, Mwaisha alimfundisha Zuleha maswali ambayo kamati inapenda kuuliza, maana ingekuwa aibu, alisema, ashindane na mtu asiyejiandaa.

Siku ya usaili walikwenda pamoja. Kwenye korido walimkuta jamaa aliyekuwa akiugua kile kikohozi, amevaa suti, anafanya mazoezi ya kusema "uongozi shirikishi", na hapo wakaharibika kwa kicheko wote wawili. Waliingia chumbani kwa Juliana mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameuma vitambaa.

Matokeo yalibandikwa. Zuleha alikuwa wa kwanza. Akapewa zamu ya asubuhi, ile ya Mwaisha. Mwaisha akawa wa pili, akapewa zamu ya mchana. Zuleha alishika mdomo, akashindwa kumtazama Mwaisha usoni. Mwaisha alisoma, akasoma tena, halafu akamkumbatia shoga yake akamwinua kutoka chini, na Zuleha si mtu mwembamba. Jioni Hatibu alimuuliza kwa upole kama moyo haukumuuma. Akajibu kwamba uliuma kidogo, mpaka alipofika getini, lakini kama angekuwa yeye ndiye anayewauliza maswali, hata yeye angemchukua Zuleha.

Ikaja Mei Mosi. Kwa mara ya kwanza wafumaji, makarani na wasimamizi wa Lukwangule waliandamana pamoja hadi uwanjani. Mwaisha alikuwa amerudi kwenye chama na ndiye aliyeshika upande mmoja wa bango, karani wa mishahara upande wa pili. Kampuni ilitoa kitenge kipya cha bluu, kilichotoka kwenye rangi juma lile lile, na Hatibu na mafundi wenzake wa Mwembesongo walishona hadi vidole vikavimba, kisha nao wakakivaa na kuandamana nasi. Tulipendeza. Nasema bila haya, hakuna kampuni iliyotushinda.

Tulipofika karibu na jukwaa la wageni, wingu likateremka kutoka Uluguru, na mvua ikamwagika yote kwa pamoja. Bendi iliendelea kupiga, kwa hiyo nasi tuliendelea kutembea. Karani akamtazama Mwaisha usoni, akasimama. Mwaisha akamtazama karani. Rangi ilikuwa inachuruzika. Shingo, mikono, soksi, vyote bluu. Mhasibu mkuu alikuwa bluu hadi masikioni. Juliana alijipangusa uso na kuufanya mbaya zaidi. Kiwanda cha nguo, mbele ya mji mzima, kilikuwa kinachuja kama kanga ya bei rahisi.

Bwana Benedikto akageuka kumtafuta mkuu wa idara ya rangi, na mkuu wa idara ya rangi akaanza kutembea haraka, kisha akakimbia kabisa, akikata uwanja na ngao ya nembo ya kampuni aliyoibeba kwenye maandamano, na meneja nyuma yake, na watangazaji wa kipaza sauti wakidhani ni onyesho wakaanza kuwashangilia. Umati ukapiga makofi. Mzee Severini aliivua saa yake, akaitia mfukoni isilowe, akaanza kucheza muziki. Zuleha akamfuata. Mwaisha akamwachia Hatibu bango, akaingia katikati yao, na sote tukacheza pale mbele ya jukwaa, tukichuruzika, hadi bendi ikachoka.

Mwaisha na Hatibu waliporudi Mwembesongo, majirani walitoka barazani kuwatazama. Hatibu alisugua shati lake kwa sabuni ya mche hadi magharibi, beseni kwa beseni, maji yakitoka bluu tu. Kesho yake mchana Mwaisha aliingia zamu na shingo ya bluu, akamkuta Zuleha anakabidhi, bluu hadi viwikoni, na mashine zote zinakwenda.